Vipande, Vituo na Tumaini: Njia Moja ya Mwamba Mbele ya Mhakiki

Kaskazini ya Wales, katika milima ya Eryri, liko bonde lililochongwa na barafu ya kale ambalo wenyeji huliita Cwm Idwal. Chini yake limetulia ziwa dogo, na juu ya ziwa hilo limelala bapa kubwa la mwamba wa kijivu, limeinama mithili ya paa la nyumba iliyozama ardhini. Juu ya bapa hilo ipo njia ya wakwezi wa mawe inayojulikana kwa jina la Hope, yaani Tumaini. Urefu wake haufiki mita 150, wala si njia ngumu. Wengi wanaoipanda ndiyo kwanza wanajifunza kazi ya kamba, na mahodari aghalabu huipita tu wakielekea kwenye kuta kali zaidi. Basi pana haja gani ya kuileta njia kama hii mbele ya wasomaji wa mashairi?

Haja zipo mbili. Ya kwanza ni kuwa njia hii ilifunguliwa mwaka 1915 na watu wa kalamu. Aliyetangulia kwenye kamba alikuwa bibi wa miaka 35, Emily Daniell, ambaye wasomaji wa riwaya za Kiingereza walimjua kwa jina la E. H. Young, na miongoni mwa waliomfuata alikuwemo kijana wa miaka 22, I. A. Richards, ambaye haikupita miaka mingi akawa mmoja wa wale walioubadilisha uhakiki wa fasihi katika vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani. Haja ya pili ni kuwa njia yenyewe inazusha swali ambalo washairi wa Kiswahili wamelizozania tangu zamani, wala halijapata jawabu la kuwaridhisha wote: je, wepesi ni upungufu?

Anayetaka kuieleza kazi hii kwa Kiswahili hana haja ya kukopa sana. Njia ndefu ya namna hii haipandwi kwa pumzi moja. Hugawanywa kwa vipande, na kila kipande huishia kwenye kituo. Maneno haya mawili yamo tayari katika elimu ya ushairi. Kipande ni sehemu ya mshororo inayofungwa kwa kina, na kituo ni mshororo unaoufunga ubeti, pale ambapo fikra hutua kabla ya kuanza safari nyingine. Juu ya mwamba mambo huenda vivyo hivyo. Mtangulizi hupanda akiwa amefungwa kamba, na mwenzake hubaki kituoni, amejifunga kwenye jiwe, akiitoa kamba hiyo kidogo kidogo kadiri inavyohitajiwa, na mikono yake tayari kuizuia. Kila baada ya hatua kadhaa mtangulizi hupachika kabari ndogo ya chuma ndani ya ufa, akaipitisha kamba katika pete iliyoning'inia hapo. Akiteleza, ataanguka mara mbili ya masafa yaliyopo baina yake na kabari ya mwisho, na zaidi kidogo, ndipo kabari na mwenzake wamzuie. Afikapo kwenye kituo kinachofuata hujifunga na kuita. Huyo wa pili naye hupanda, na katika kupanda kwake huzichomoa kabari zote, moja baada ya moja, akazitundika kiunoni. Wakishapita wote wawili, mwamba hubaki kama walivyoukuta.

Hilo la mwisho ndilo linaloipa desturi hii heshima yake. Ziko njia nyingine duniani ambazo mwamba wake umetobolewa na kutiwa vyuma vya kudumu, na kila ajaye huzifuata alama hizo kama mkwezi wa mnazi uliokatwa vidato. Hapana ubaya katika vidato; mtu anayetafuta riziki yake juu ya minazi hana wakati wa kuusoma upya kila mti. Lakini katika njia ya desturi ya kale hapana kidato. Kila mtangulizi hulazimika kuusoma mwamba kwa macho yake mwenyewe, akaamua wapi ufa utaishika kabari na wapi utaitema. Na akikosea, hapana pambizo alipoandikiwa maelezo. Hiyo ni kazi inayofanana na ya mfasiri, ambaye ajapokuwa na tafsiri kumi za waliomtangulia, mbele ya mstari wenyewe huwa peke yake.

Mwaka 1915 hata kabari hizo hazikuwapo. Waliopanda siku hiyo walikuwa na kamba ya nyuzi za mimea iliyofungwa kiunoni moja kwa moja, na baina ya kituo na kituo mtangulizi hakuwa na cha kumzuia. Kanuni ya zama zile ilikuwa moja: mtangulizi haanguki. Ilikuwa sharti, wala hapakuwa na namna ya kuilegeza. Anayeisoma njia ya Hope leo kwa vifaa vya leo, kisha akaiita nyepesi, yafaa akumbuke kwamba anausoma waraka ulioandikwa kwa wino mwingine.

Mfano ulio bora wa jambo hili ni jina la daraja lake. Katika vitabu vya mwongozo vya Uingereza, njia hii imewekwa katika daraja ambalo jina lake, likifasiriwa neno kwa neno, ni Ngumu Sana. Mfasiri atakayeandika hivyo na kuishia hapo atakuwa amesema uongo kwa maneno sahihi. Mwaka 1897 Owen Glynne Jones alitoa kitabu juu ya majabali ya wilaya ya maziwa ya Uingereza, na humo akazigawa njia katika madaraja manne: rahisi, za kadiri, ngumu, na kali kupita kiasi. Vizazi vilivyofuata vilipanda palipokuwa hapapandiki, na kila walipofika waliongeza daraja jipya juu ya yale ya zamani, bila ya kuyafuta ya chini. Matokeo yake ni kwamba Ngumu Sana leo ni miongoni mwa ngazi za chini kabisa, mahali anapoanzia mwanafunzi. Neno limekaa palepale, na watu ndio waliohama. Maana ya neno hilo haimo ndani yake, bali imo katika nafasi yake baina ya maneno mengine, na asiyeijua ngazi nzima hawezi kukijua kidato kimoja.

Mtego wa pili umo katika majirani. Ubavuni mwa Hope zimo njia nyingine mbili, Faith na Charity, na majina haya matatu yametoka katika waraka wa Paulo kwa Wakorintho. Imani na Tumaini hayana shida. Lakini Charity, katika Kiingereza cha leo, ni sadaka, ni kumpa maskini. Na mfasiri mwenye haraka ataandika Sadaka na kuendelea na safari. Katika Kiingereza cha Biblia ya mwaka 1611 neno hilo lilikuwa na maana ya upendo, na Biblia ya Kiswahili ilipolifikia fungu hilo ilisema upendo. Kwa hiyo bapa la Idwal limebeba Imani, Tumaini na Upendo. Mtu anaweza kuipanda njia kwa miguu maisha yake yote bila ya kuujali ufasiri huu. Anayeandika juu yake hana ruhusa hiyo.

Tukija kwenye utungo wenyewe, Hope imepangwa kwa busara isiyojionyesha. Kipande cha kwanza humfundisha mgeni lugha ya mwamba huu: jiwe lililosuguliwa, vikanyagio vidogo lakini vya kutosha, mwinamo unaomruhusu mtu asimame juu ya miguu yake badala ya kuning'inia kwa mikono. Mwanafunzi akishaizoea lugha hiyo, mara anatiwa mtihanini. Katika kipande cha pili ndimo zimo nyufa mbili zinazokwenda sambamba, maarufu kwa jina la Nyufa Pacha, na hapo ndipo shairi linapogeuka. Mwamba umelainishwa na viatu vya zaidi ya karne moja hata ukang'aa. Mkono unataka kushika zaidi ya unachopewa, na mguu unatakiwa kuaminiwa zaidi ya unavyostahili kwa macho. Anayejivuta kwa mikono huchoka, na anayejilaza juu ya mwamba kwa hofu ndiye anayeteleza, kwa kuwa uzito wake huacha kuukandamiza unyayo. Mwamba unamtaka ainuke wima, auachie mguu ubebe, kisha asogee. Vipande vinavyofuata vinalegeza, lakini havilali. Vinampa msomaji nafasi ya kuyatumia aliyojifunza, na hewa chini yake inazidi kuongezeka huku ugumu ukipungua. Mpango huu wa mtihani mapema na uwazi baadaye ni adimu. Tungo nyingi hukiweka kilele mwishoni, ambapo msomaji amekwisha kuchoka.

Hapa inafaa kumrejea yule kijana wa miaka 22. Mwaka 1924 Richards alitoa kitabu juu ya misingi ya uhakiki wa fasihi, na ndani yake akashikilia kwamba thamani ya shairi haimo katika fundisho linalobebwa, bali katika jinsi shairi linavyoipanga misukumo ya moyo wa msomaji, ikawa misukumo inayopingana inakaa pamoja katika mizani, wala mmoja hauuwi mwingine. Wakosoaji wake walisema kwamba mizani hiyo haionekani wala haipimiki. Maneno yao yana uzito. Hata hivyo, aliyewahi kusimama katika Nyufa Pacha anaijua hali hiyo bila ya kufundishwa. Hofu haiondoki, ikiondoka, mtu huzembea. Hamu haiondoki, ikiondoka, mtu huganda. Zote mbili zinabaki, na mguu unasogea. Hapana sababu ya kudai kwamba nadharia ilizaliwa juu ya mwamba. Yatosha kusema kwamba mwandishi wake alikuwa mkwezi kabla ya kuwa mwalimu, na aliendelea kuwa mkwezi. Mwaka 1928 yeye na mkewe Dorothy Pilley, pamoja na waongozaji wawili wa ukoo wa Georges, walikuwa wa kwanza kuupanda ukingo wa kaskazini wa Dent Blanche katika milima ya Uswisi.

Hata hivyo, mwamba unaisahihisha nadharia mahali pamoja. Msomaji ambaye mizani ya moyo wake imevunjika katikati ya shairi hufunga kitabu akalala. Mkwezi ambaye mizani yake imevunjika hudaiwa hapo hapo, na mdai ni uzito wake mwenyewe. Richards aliyazungumza mashairi kana kwamba kila usomaji una gharama. Alichokuwa nacho, na ambacho wanafunzi wake wengi hawakuwa nacho, ni mahali ambapo gharama hiyo iliwahi kulipwa kweli.

Kitabu chake cha mwaka 1929 ndicho kinachogusa zaidi swali la wepesi. Alikuwa akiwagawia wanafunzi wa Cambridge mashairi yasiyo na majina ya watunzi wala tarehe, akawataka waandike maoni yao, kisha akayachambua maoni hayo kama tabibu achambuavyo ugonjwa. Miongoni mwa maradhi aliyoyaorodhesha yamo mawili yanayofaa hapa. La kwanza ni majibu ya mazoea: msomaji hulijibu shairi kwa hisia aliyokuja nayo mfukoni. La pili ni kuupima utungo kwa zana zake badala ya kuupima kwa kazi uliyoifanya. Wakwezi wanaoidharau Hope kwa daraja lake wana maradhi yote mawili. Wameliona neno, wakatoa jibu la mazoea; wamepima ugumu, wakadhani wamepima ubora.

Waswahili nao hawajasalimika na maradhi hayo. Amri Abedi alipoandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, wapo waliozichukua kanuni zile za vina na mizani kuwa ndizo ushairi wenyewe, wakawa wanahesabu mizani kama karani wa bandari ahesabuvyo magunia. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo waliodhani kwamba kuvunja vina kunatosha kumfanya mtu mshairi. Pande zote mbili zilikuwa zinapima zana. Baina yao alikuwepo Haji Gora Haji wa Tumbatu, mtu wa bahari, ambaye diwani yake Kimbunga ilitoka mwaka 1994. Lugha yake ni ya kila siku, mtoto ataielewa, na maana yake mzee ataitafuta usiku kucha. Anayelisoma shairi lake na kusema "hili jepesi" amelipanda hadi kituo cha kwanza, akadhani amefika.

Lakini mbinu ile ya kuficha majina ina hasara yake, na njia ya Hope inaionyesha wazi. Mwamba ukinyang'anywa jina, daraja na historia, haubadiliki hata chembe. Mkono utashika palepale na mguu utateleza palepale. Kwa maana hiyo Richards alikuwa na haki. Kinachopotea ni mtu. Jina la kwanza katika orodha ya walioifungua njia hii ni la mwanamke, na kwa desturi ya orodha hizo jina la kwanza ni la mtangulizi, yaani yule ambaye haruhusiwi kuanguka. Tena jina aliloandikiwa ni Bibi Daniell, ambalo ni jina la mume. Na jina aliloandikia riwaya zake ni E. H. Young, ambalo linawaacha wasomaji wasijue kama ni mwanamume au mwanamke. Kwenye mwamba alifunikwa na ndoa, na kwenye kitabu akafunikwa na herufi mbili. Riwaya yake Miss Mole ya mwaka 1930 ilipata tuzo kubwa ya fasihi nchini Uingereza. Mumewe aliuawa vitani huko Ypres mwaka 1917, miaka miwili baada ya siku ile ya Idwal. Anayelisoma neno Tumaini juu ya bapa lile akiyajua haya, na anayelisoma bila ya kuyajua, wanapanda mwamba mmoja, lakini hawasomi utungo mmoja.

Katika pwani ya Afrika Mashariki jambo hili linaeleweka upesi. Nyimbo ngapi za harusi na za unyago zilitungwa na wanawake, zikaimbwa vizazi na vizazi, na hapana aliyeyahifadhi majina yao? Mwana Kupona binti Mshamu ni wa kipekee kwa kuwa utendi wake, uliotungwa karibu na mwaka 1858, umebaki pamoja na jina lake. Uhakiki unaofuta majina ili utungo usomwe kwa haki huwadhulumu zaidi wale ambao majina yao yalikwisha kufutwa nusu. Wanawake wakwezi wa Uingereza walilitambua hilo. Mwaka 1921 waliunda chama chao, Pinnacle Club, na Dorothy Pilley alikuwa miongoni mwa waasisi. Mwaka 1935 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za milimani, akasema kwa jina lake mwenyewe.

Sifa hizi hazifuti kasoro, na Hope inazo. Ya kwanza ni kwamba imechakaa kwa kupendwa. Vikanyagio vya Nyufa Pacha vimekuwa kama methali iliyotumiwa hata imepoteza makali yake. Ukavu ukiwepo vinabeba, mvua ikinyesha vinakuwa jambo jingine kabisa, na mvua si mgeni katika milima ile. Daraja lililochapwa kitabuni halinyeshewi. Ya pili ni kwamba njia haina kilele. Inaishia kwenye vijukwaa vya mwamba katikati ya mlima, juu yake kuna ukuta mwingine, na mpandaji aliyezoea hadithi zenye mwisho hubaki akitazama huku na huku akiuliza kama ndiyo basi.

Ya tatu ndiyo nzito. Kushuka kutoka hapo hakumo katika utungo, na ndiko kunakodai uangalifu mkubwa. Mwamba wa kushukia nao umeng'azwa na viatu, njia yake si dhahiri kwa mgeni, na wengi huiendea wakiwa wamekwisha kufungua kamba, wamechoka, wamefurahi, na jua linazama. Watu wameumia hapo baada ya kuyapita salama magumu yote ya juu. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na kwa kawaida methali hiyo huelekezwa kwa wenye vyeo. Katika Cwm Idwal inarudi kwenye maana yake ya kwanza, ya mguu na kidato. Maelezo marefu hupewa wapandao, nao washukao hupewa sentensi chache mwishoni. Mwandishi wa mwongozo anayejua kazi yake angefanya kinyume, kwa sababu anayepanda ana kamba na ana mwenzake, na anayeshuka aghalabu ana furaha yake tu.

Basi njia hii iwekwe wapi? Si miongoni mwa tungo kubwa, na hakuna anayeidai nafasi hiyo kwa ajili yake. Ni utungo mdogo uliopangika, wenye kipande kimoja kisichosahaulika, mwisho usioridhisha, na historia iliyo nzito kuliko umbo lake. Humpa mwanafunzi mambo matatu kwa mpigo: kuusoma mwamba kwa jicho lake, kumwamini aliyeishika kamba, na kutokuacha alama. Mshairi chipukizi anayedharau ubeti wa kawaida kwa kuwa ni mwepesi, na mhakiki anayemsifu kwa dharau hiyo, wangefaidika kumtazama huyo wa pili katika kamba, ambaye hakuna anayempigia makofi, akisimama juu ya kikanyagio kinachong'aa na kuichokoa kwa subira kabari iliyokwama ufani. Mwenzake yuko juu kituoni, hamwoni, anaisikia kamba tu mikononi mwake. Kabari ikitoka, ataivuta.